Kandambili za Mlangoni

Bujumbura, 9 Agosti 2019

Mjukuu wangu Idrisa,

Asalaam aleykum. Sisi hatujambo, shangazi yako amejifungua mtoto wa kike.

Unasema unajenga mfano wa mtaa wetu wakati wa vita, na unaniuliza vifaru vyako vidogo uvipake rangi gani. Rangi siikumbuki. Marehemu babu yako naye aliujenga, vifaru, au blende kama tulivyoviita, vya makopo ya sadini, siku zile tulizojifungia ndani. Kila mlangoni alibandika kandambili ndogo alizokata kwenye mpira wa baiskeli. Jirani akamcheka, "We Hamadi, blende na kandambili, wapi na wapi?"

Babu yako akamjibu, "We cheka tu. Blende ikipita, mutu anaangalia kwanza viatu ya watoto."

Alikuwa ameniona. Siku kifaru kilipoingia mtaani nilikimbia kutoka sokoni, na wala sikukitazama. Nilitazama mlangoni, maana kwetu viatu huvuliwa nje. Kandambili za baba yako, mtoto wakati ule, zilikuwepo. Nikakaa chini, nikalia.

Ukifika kwenye nyumba yetu, weka kandambili za babu mlangoni, na zangu kando yake. Ukiziona, utukumbuke.

Nyanya yako