Likizo Ambayo Tsitsi Hakuiomba

Shoga, nimetoka kikaoni ofisini sasa hivi.

Si unajua yule baba mzungu wa hapa Bradford alimfungia mlango Tsitsi, mwenzangu wa kazini, eti hataki ofisa wa ustawi wa jamii mweusi kwa wanawe? Leo bosi Heather anamwambia kwa sauti tamu, "Pumzika, mpenzi. Ni kwa afya yako." Afya yake! Na kesi kapewa Gillian, mzungu kama yule baba. Nikahisi kuna kitu.

Tsitsi akauliza, "Yule baba ameambiwa nini?"

Heather anakoroga chai tu.

"Ameambiwa nini, Heather?"

"Tulimwambia... unaumwa."

Unaumwa!! Shoga!

Tsitsi akavaa koti. "Mimi mzima. Twende kwake sasa hivi, ukamwambie mwenyewe."

Heather hakuinuka. Nimeinuka mimi. Tuko njiani.