Halima Alinifuata Kawangware

Kibra, Jumapili jioni, 1949

Bado nacheka. Leo mke wangu Halima amenifuata kimyakimya mpaka Kawangware, akiamini nimepata mwanamke huko.

Sikuwa nimemwambia kwamba kila Jumapili naenda kwa Mzee Njoroge, mkulima Mkristo, ambako watu wanaoacha pombe hukutana na kutiana moyo. Niliogopa kumwahidi tena kwamba nitaacha, halafu nianguke tena.

Nilikuwa nimesimama, nikiwaeleza wenzangu jinsi harufu ya pombe ya jirani inavyonitesa, mara mlango ukasukumwa.

"Yuko wapi huyo mwanamke?" Halima akafoka, miguu imejaa matope. Akaona wanaume wameketi, kila mmoja na kibuyu chake cha uji.

"Mama, hapa kuna uji tu, tunasaidiana kuacha pombe," akasema Mzee Njoroge. "Karibu."

Halima akanitazama. "Kumbe ndiyo sababu siku hizi hugombani na mtu?" Akacheka mpaka akakaa chini, machozi yakimtoka.

Kesho jirani atapika pombe tena, na bado naogopa. Lakini tukirudi, Halima alinishika mkono mbele za watu. Hajawahi, tangu nimwoe.