Oili Mpya ya Difu

Mukuyuni, Jumamosi

Wifi yangu Kavindu,

Tunawasalimu nyote huko Mwingi. Huku mbaazi zimekubali mwaka huu.

Leo nimebadilisha oili ya difu ya nyuma, lile boksi la gia katikati ya magurudumu, ya Land Cruiser ya kaka yako Mwau, mimi mwenyewe, hapa uani. Usicheke. Tangu apatwe na kiharusi gari limelala tu likingoja oili hiyo, na fundi wa sokoni kila siku ni kesho. Nami nimechoka kumpeleka kliniki kwa bodaboda akiwa amefungwa kwa leso kama mzigo.

Nilimketisha karibu na gurudumu, nikaingia chini na spana. Nilipoishika nati ya chini ili nimwage oili kuukuu, nikasikia fimbo yake ikigonga bodi.

“Juu,” akasema. “Juu kwanza.”

Wifi, hayo ndiyo maneno yake ya kwanza kwa miezi mitano. Nililia kidogo pale chini. Kisha nikafungua nati ya juu, maana ukimwaga kwanza, halafu ya juu ikatae kufunguka, huna pa kujazia. Nikamwaga, nikafunga ya chini, nikajaza mpya mpaka ikachuruzika kwenye tundu la juu, nikakaza nati yake na kupangusa.

Mwau akainama polepole, akapitisha kidole kwenye nati zote mbili, akakitazama. Kilikuwa kikavu.

“Fundi,” akaniita.

Kesho tunaenda kanisani kwa gari, na ni mimi nitakayeendesha.

Wifi yako,
Muthoki