Ndume Yako Tumeichinja, Mwalimu

Mwalimu Barasa, ejok.

Usipojibu sitashangaa, ingawa wewe ulikuwa unaitikia mpaka mbuzi zangu. Kalamu ameshika katekista wa hapa Kanamkemer, mimi naongea tu. Nimemwambia asininyooshee Kiswahili, maana ikifika huko imenyooka utasema huyu si Mzee Ekai.

Tangu tukupakie kwa ile pikapu upelekwe kwenu Bungoma, mambo hapa iliharibika. Malaria, wakasema. Mimi niliyeshika mamba ya ziwani kule Eliye kwa mkia mpaka ikaomba msamaha, nilibaki barabarani nimeshika kofia yako. Ile ya mamba hukuwahi kuamini. Ulisema, "Mzee, hiyo ilikuwa kenge." Nilikuwa natafuta jibu nzuri ya kukurudishia. Sasa niko nayo na hakuna mtu.

Wacha nikupe habari ya Akiru. Ni mjukuu wangu, lakini ile sauti ni wewe uliifungua. Ulimsikia akiita mbuzi kutoka ng'ambo ya laga, ule mto mkavu, ukasimamisha baiskeli, ukaniambia huyu mtoto anapanda juu bila ngazi. Nilicheka. Nikakuambia mbuzi pia inampenda, mchukue pamoja nazo. Kila jioni ukawa unamwambia, "Pumzi kwa tumbo, Akiru, si kwa shingo." Bibi yangu alidhani mtoto ana kwikwi, akamtafutia dawa.

Na aliimba. Kanisani aliimba Kilatini, kina mama wakalia na hawajui wanalia nini. Kakuma, na ile kwaya ya watu wa Sudani Kusini, aliimba Kiarabu cha Juba mpaka mama mmoja akamfunga leso yake kiunoni. Kule Eliye aliwaimbia wageni ile ya maigizo ya wazungu, ya mwanamke anayekufa na kifua, nikakuuliza mgonjwa wa kifua anatoa wapi pumzi ndefu hivyo. Ukaniambia ninyamaze. Halafu Nairobi, na wale watu wa fidla. Mama mmoja wa huko akasema arudi Januari, atafundishwa, atapewa pa kulala. Mimi nikatangaza Lodwar nzima kwamba mawaziri wamelia.

Ukafa kabla ya Januari.

Mtoto hakulia. Alivua shanga zote, akanyoa kichwa. Sasa wewe unajua kwetu. Msichana ananyoa hivyo baba yake akifa. Na baba yake, kijana yangu Lokwawi, yuko hai, yuko Kaaleng na wanyama wake. Habari ikamfikia. Akashuka na fimbo, macho mekundu. "Huyu anataka kunizika nikiwa natembea," akasema. Na watu wakamuunga mkono, maana matanga ukiiweka kwa mtu hai, inamtafuta mpaka impate. Akasema Akiru anarudi naye Kaaleng, kuna mtu wa mifugo mingi anamtaka, kuimba imeisha.

Mdomo wa Akiru ulikuwa umejifunga tangu ile siku ya pikapu. Yule mama wa Nairobi alipiga simu, mtoto akaishika sikioni akapumua tu.

Unakumbuka ile ndume ya ng'ombe, ya rangi ya udongo, niliyokupa, mwaka wa njaa uliotugawia unga yako? Uliniuliza utailaza wapi, nyumba ni ya kupanga. Nikakuwekea kwa zizi langu. Ndume ikawa Longor, na wewe tukakuita Apalongor, jina ya mtu mwenye ndume kama hiyo, na ukawa unaitika. Basi nikaita wazee. Nikawaambia: huyu mtu ana ndume kwangu, ana jina kwa midomo yenu, na amekufa hatujamwaga damu hata kidogo. Hii matanga inamzunguka Lokwawi kwa sababu hatujampa mwenyewe. Tuchinje ndume ya Apalongor, nywele ya mtoto ipate mtu wake.

Wazee wakatafuna tumbako. Mmoja akauliza, "Na nani atamwimbia ndume yake? Hana kijana hapa."

Lokwawi akamwangalia Akiru. "Kama huyo ndiye baba yake, aimbe yeye."

Mimi ni mwimbaji mkubwa kutoka hapa mpaka Uganda, hiyo nimekuambia mara nyingi. Lakini nilishika tu kamba ya ndume.

Akiru akainua mikono kama pembe. Sauti ikatoka kama bawaba yenye kutu, ikakatika. Lokwawi akageuka kuondoka. Halafu nikaona tumbo ya mtoto inajaa pole pole, vile ulimfundisha, na akapanda. Maneno ilikuwa yetu, kupanda ilikuwa yako. Alimwimba Longor, rangi yake, shingo yake, njia ya mtoni. Ndume ikasimama kabisa, kamba ikalegea mkononi yangu. Tukaichoma mkuki ikiwa bado inasikiliza.

Lokwawi alikula nyama. Matanga ikamtoka. Akasugua mikono na mchanga, akamwambia mtoto, "Sasa unajua baba yako ni nani. Nenda kwake." Akashika njia ya Kaaleng. Akiru alimkimbilia mpaka laga, akimwita. Lokwawi hakugeuka.

Hiyo, Mwalimu, nimetafuta namna ya kuitania. Sijapata.

Akiru yuko Nairobi. Nywele imeota. Anapiga kwa simu ya katekista, anasema wanamwimbisha kila aina, ya kanisa, ya maigizo, ya huzuni, na zote anaweza. Halafu anauliza, "Baba amekuja?" Namwambia Lokwawi yuko njiani. Mimi, ninayejua kudanganya kuliko fisi, na kwa hiyo moja haniamini.

Kengele ya Longor ninayo. Nilitaka kuileta kwa kaburi yako, lakini itangoja. Mvua ikipita nitaenda nayo Kaaleng, na hizi magoti, nikae mlangoni kwa Lokwawi mpaka anifukuze au akubali kusikia mtoto wake akiimba. Nakuahidi hiyo. Siku akikubali, tutakuja Bungoma sisi watatu, tukutundikie hiyo kengele.

Lala salama, Apalongor. Ukiona nimechelewa, niko kwa barabara ya Kaaleng.

Na ile ilikuwa mamba.

Ekai