Bomba la Kwenye Kompyuta

Jumanne, Mbulu

Na bado mkuu wa shule ananiambia, "Mwalimu, wanafunzi wako wote wamefaulu mazoezi ya usalama wa maabara." Wamefaulu, ndiyo. Kwenye kompyuta, ambako ukijimwagia asidi unabonyeza "anza upya" na ngozi inarudi.

Leo maabarani Paskalina wa kidato cha tatu kamwagikiwa asidi ya kweli mkononi. Akakimbilia kona ya kulia, kama programu ilivyomfundisha, akanyoosha mkono kufungua bomba. Kona hiyo kwetu ina kabati la chupa. Akawa anapapasa mlango wa kabati huku analia, "Mwalimu, maji yako wapi?"

Yalikuwa kwenye ndoo, nje, chini ya dirisha. Nilikimbia na kitambi changu mpaka kiatu kikachomoka, nikammwagia ndoo nzima. Mkono umekuwa mwekundu tu. Nesi anasema utapona.

Jioni mkuu akaja na lake: "Huyo mtoto hakufuata maelekezo."

"Ameyafuata kuliko sisi wote, mkuu."

Akaondoka bila kuaga. Aende.

Ila nani aliisifia programu hiyo kikaoni? Mimi. Nani hakuwapeleka wanafunzi maabara hata siku moja kabla ya leo kuwaonyesha ndoo, kwa sababu kwa baridi hii ya Mbulu chumba cha kompyuta kina joto na viti laini? Mimi huyuhuyu, mzee wa starehe.

Kesho nafika kabla ya kengele. Kabati linatoka, mkuu atake asitake. Kwenye kona ile inakaa ndoo, imejaa maji, na Paskalina ndiye atakayewaonyesha wenzake ilipo.