Feni Inazunguka

Jumatatu, 10 Februari

Misa ya asubuhi. Chai ya rangi. Kisha kazini Kibamba, katika hospitali ndogo ninakotunza mitambo ya kupoza hewa tangu nistaafu. Chumba cha upasuaji kina joto. Matroni amesema, kwa upole, kwamba kisipopoa kufikia Alhamisi, binti yangu Perpetua atapelekwa mjini kufanyiwa upasuaji. Mtoto amelala vibaya tumboni, na foleni ya barabara ya Morogoro haimjali mzazi. Nimesikia. Sikuhisi kitu. Tangu mama yake Perpetua afariki nimekuwa hivi. Mungu anisamehe.

Jumanne, 11 Februari

Kila apitaye: "Ongeza gesi tu, Mzee Kornel." Nimepima. Gesi inatosha. Hata hivyo bomba la ndani limeganda barafu, maana yake hewa haipiti ipasavyo. Nimeosha vichujio. Vilikuwa safi. Samahani kwa mwandiko huu, ingawa sijui namwomba nani.

Jumatano, 12 Februari

Magoti yangu hayapandi ngazi. Fundi umeme, Hamadi, alipanda darini kwa niaba yangu.

"Feni inazunguka?"

"Si nilikwambia jana? Inazunguka, mzee mwenzangu! Inakushinda wewe mbio."

"Tafadhali, inazungukia upande gani?"

Akachungulia tena. "La haula!"

Mota ya feni ilirudi wiki iliyopita kutoka Buguruni, ilikosukwa upya nyaya za ndani. Hamadi alipoiunganisha, nyaya mbili zilipishana. Feni ilikuwa ikizunguka kinyume na kusukuma hewa kidogo mno. Tumezibadilishia nafasi. Barafu imeyeyuka, maji yakamwagika sakafuni.

"Usinichome kwa Matroni, Kornel. Kahawa juu yangu."

Nilipaswa kufurahi. Nilipiga deki.

Alhamisi, 13 Februari

Perpetua ameingizwa chumba cha upasuaji. Nilikaa kwenye benchi la nje na rozari. Nilipotea katikati ya sala, sikumbuki niliishia tendo lipi la rozari. Nikabaki nikisikiliza mashine ya kupoza hewa. Ilinguruma sawasawa.

Mtoto wa kike. Wote wazima. Nilishukuru kwa maneno tu.

Ijumaa, 14 Februari

"Baba, mlitaka kunigandisha mle ndani?" Perpetua aliniuliza, huku akicheka na kushika mshono. Nilimwomba radhi.

Wamempa mtoto jina la bibi yake, marehemu mke wangu. Nilimpakata akalala. Mkono ulikufa ganzi. Muuguzi aliponyoosha mikono ampokee, nilimwambia, samahani, bado kidogo.