Jodari Aliyelala Mezani

Akinyi mjukuu wangu,

Habari ya chuo? Sisi hapa mtaani Tena tu wazima, ila mama yako anauliza kila siku kama unakula vizuri.

Unauliza kama jodari wa kopo anaweza kulala mezani akishafunguliwa. Thubutu! Nikiwa bibi arusi, nilimfungulia mchungaji aliyekuja kututembelea kopo moja, akabakisha nusu. Nilizoea samaki wa kukausha wa kwetu ziwani, anayekaa wiki bila neno, basi huyo jodari nikamwacha mezani hadi kesho yake. Hakunuka hata kidogo. Nikampasha moto, nikampakulia babu yako.

Alisema ulimi unamwasha, lakini akaendelea kula. Punde uso ukamwaka moto, tukakimbilia zahanati. Alipopata nafuu nikamuuliza, “Mbona hukuacha?”

“Ningeachaje, na wewe umeketi pale unanitazama?”

Kwa hivyo anayebaki mtie kwenye bakuli lenye kifuniko, uweke kwenye friji papo hapo, umalize kwa siku mbili tatu. Akilala nje mtupe, hata asiponuka; kumpasha moto hakusaidii. Na usithubutu kumpa mtu anayekupenda, maana atamaliza sahani.

Ni mimi nyanya yako